Kabla hujafungua mashine ya boti nyumbani ubadilishe pistoni na ringi

Kusi likishika na boti nyingi za huku Mtwara kupumzishwa ufukweni, ndipo mtu anapoikumbuka mashine iliyomsumbua tangu kaskazi: kuwaka kwa tabu, nguvu hamna, petroli inakwenda kuliko zamani. Anasema ringi zimeisha, nitaifungua mwenyewe nyumbani. Inawezekana. Mashine ya stroki mbili haina valvu za kusaga wala kamshafti ya kupatanisha, na mtu mtulivu mwenye spana nzuri anaimudu. Ila kazi hii huharibikia mwanzoni, kabla hata nati moja haijalegezwa.

Jua kwanza kwa nini mashine imechoka. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: toa plagi zote, hakikisha cheche zimezimwa, fungua mkono wa mafuta (akseleta) mpaka mwisho, kisha vuta kamba mara kadhaa mpaka mshale wa geji usimame. Tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10 hivi, ile ya chini ina jambo. Kisha utafute chanzo, na katika maji yetu ya chumvi chanzo cha kushukiwa mapema ni joto. Chumvi huganda kwenye njia za maji ndani ya bloku, impela ya pampu ya maji (kigurudumu cha mpira chenye mabawa) hukakamaa na kukatika mabawa, mashine ikapoa nusunusu kwa miezi bila mwenyewe kujua. Baada ya hapo angalia mafuta: kabureta iliyoziba kwa uchafu na maji ya kwenye madumu, oili ya kuchanganya na petroli iliyokadiriwa kwa jicho, sili ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inayovuta hewa. Usipoondoa chanzo hicho, pistoni mpya itakwama kama ile uliyoitoa.

Aliyezoea pikipiki aelewe jambo moja. Kwenye pikipiki unatoa hedi, unanyanyua silinda, pistoni hiyo hapo. Mashine nyingi za boti silinda zake zimeungana na bloku, kwa hiyo lazima uitoe injini nzima juu ya mguu (sehemu inayoshuka majini), ung'oe flaiwili, lile gurudumu zito la juu, kwa pula yake, yaani kifaa cha kuvutia (usiigonge nyundo), kisha utenganishe krenkesi, nyumba ya krenki. Ndiyo maana orodha ya spea ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani: pistoni, ringi, pini na klipu zake mpya, bearing za sindano, sili za krenki, gasketi ya hedi, ya ekzosi na ile inayokaa kati ya injini na mguu. Krenkesi yenyewe mara nyingi haina gasketi. Inazibwa kwa gundi maalumu inayopakwa nyembamba. Iwe mkononi kabla hujaanza.

Sasa bolti. Hapa ndipo ninapowaonea watu huruma, kwa sababu mashine iliyokaa baharini miaka kadhaa bolti zake za chuma zimeshikana na aluminiamu kama zimechomelewa. Anza siku mbili tatu kabla: zipake oili ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, na gonga vichwa vyake kidogo kidogo ili oili ipenye. Siku ya kazi, legeza robo, kaza kidogo, legeza tena. Ikigoma, pasha moto aluminiamu inayoizunguka, tangi na mabomba ya petroli yakiwa mbali kabisa. Usirefushe spana kwa bomba. Bolti ikikatikia ndani utahitaji mtu wa kuitoboa katikati kwa usahihi, kwa hiyo mjue mapema fundi mwenye mashine ya kukereza, awe Mtwara mjini au Lindi, na umuulize kama anabori silinda pia, yaani kuipanua kwa mashine.

Usinunue pistoni kabla ya kupima. Hili limenigharimu mimi mwenyewe. Niliagiza pistoni mbili Dar es Salaam kwa kutaja aina ya mashine tu, zikaja na basi, nikafurahi. Nilipofungua na kukwangua masizi juu ya pistoni kuukuu kwa kipande cha mti, ikatokea namba ndogo iliyochongwa: 050, yaani milimita 0.50 zaidi. Mwenye mashine wa kwanza alikwisha bori silinda kwa nusu milimita, na mimi nimeshika pistoni za saizi ya kiwandani zinazocheza ndani kama kete. Boti ikakaa mchangani wiki nyingine tatu, na watu wanne waliokuwa wanakula kwa boti ile wakakaa nayo. Fungua, pima, ndiyo uagize.

Mahali pa kazi pawe ndani. Upepo wa kusi unabeba mchanga, na mchanga kidogo kwenye silinda iliyopakwa oili ni msasa. Tandika shuka safi, piga picha kwa simu kila hatua, na bolti uziweke kwenye trei la mayai kwa mpangilio zilivyotoka. Wakati wa kufunga klipu za pini, ziba tundu la krenkesi kwa kitambaa, klipu huruka. Tafuta kitabu cha mashine yako kwa ajili ya uwazi kati ya ncha za ringi na nguvu ya kukaza hedi, na uazime spana ya kupimia nguvu hiyo.

Mwisho, andaa siku ya kuwasha. Kama kitabu chako kinataka petroli 50 kwa oili 1 kwa kawaida na 25 kwa 1 wakati wa kulainisha, yaani kuzoesha pistoni mpya, dumu la lita 20 linachukua mililita 800 za oili mwanzoni, baadaye 400. Tumia kikombe chenye vipimo. Washa ndani ya pipa la maji, kamwe si pakavu. Safari za kwanza usitoke nje ya ghuba ya Mikindani. Beba makasia na mtu wa pili, enda taratibu, na macho yasibanduke kwenye tundu linalotema maji. Yakipungua au ukaona mvuke, zima hapohapo.