Ukiona did, kitenzi kiache vile kilivyo

Mnaosaidia watoto na homuweki ya Kizungu, hii nimeipata kwa mwalimu mmoja huku Kondele na inasaidia kweli: kabla uandike sentensi ya jana angalia kama kuna did. Ikiwepo, kitenzi usikiguse, ni "did you go" na "I didn't buy", si went wala bought, juu did ni kama konda, akishachukua nauli hulipi mara ya pili. Kama hakuna ndio unaweka went, bought, walked. Inakwama kwa was na were, hizo hazitaki did kabisa, unasema tu "I wasn't there", alafu swali la nani alifanya, "who ate the fish?", hapo ate inabaki, na hiyo hata watu wazima inawachenga.