Daktari wa nyumbani kwa mzee: asilipwe kabla hajaona dawa zote

Kwa ndugu mlioko nje wenye wazazi wasioweza tena kutoka kitandani, iwe Mikindani au Nachingwea: kumpata daktari wa kumfuata mzee nyumbani si kazi ngumu. Ulizia kwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha jirani, omba namba ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, patana malipo na nauli ya bodaboda. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi usiutegemee hapa. Huo ni wa vituo vya serikali, haumleti mtu mlangoni.

Hatari iko kwenye dawa. Mama yangu, miaka 90 na ushee, alikuwa akimeza amlodipini ya presha aliyopewa hospitali. Daktari wa kwanza kuja nyumbani akamwandikia dawa ya presha yenye jina jingine la dukani. Kumbe ni amlodipini ileile. Miguu ikavimba, maana dawa hiyo ikizidi ndivyo inavyofanya. Akaja wa pili, akaona uvimbe, akaandika furosemidi ya kukojoza. Mama akaishiwa maji mwilini, kila akisimama kizunguzungu, mpaka akaanguka akienda chooni. Kati ya madaktari hao hakuna aliyeonyeshwa dawa za mwenzake. Ndugu walizificha, wakichelea mgeni atadhani hawamwamini.

Dada zangu, mjomba, huruma yenu kwa mama naijua. Lakini daktari hafichwi dawa. Mwageni mfuko wote mkekani, na za duka la dawa, na za mizizi. Narudia: mfuko wote.

Mimi huku Uingereza kazi yangu ni kutunza wazee. Wengi wanashinda peke yao na televisheni, jambo ambalo sijalizoea na kwetu silitaki kabisa. Ila kila kidonge kina nafasi yake kwenye karatasi na saini ya aliyekitoa, na daktari akija anaanzia hapo. Hilo tuwaige.

Nunueni daftari, likae kwa mzee, asiondoke nalo mtu. Daktari aandike jina halisi la dawa, lile la herufi ndogo chini ya jina la dukani, na kipimo, na presha ya mzee akiwa amelala na akiwa ameketi. Akisema ataandika kesho, basi na malipo kesho. Wewe uliye nje, tuma pesa ukishaona picha ya ukurasa. Na ikiingia dawa mpya, ulizeni ipi inatoka. Kabla daktari hajajibu, msimpe mzee dawa mpya wala msikatishe ya zamani.