Usiwaachie Kuku Wapya Bandani Siku Uliyowanunua

Mwezi huu nimeitwa kwenye kaya tatu kwa tatizo moja. Mfugaji kanunua mitetea mnadani, jioni ile ile kaiingiza bandani kwa kuku wenyeji. Asubuhi anaikuta imejibana kwenye kona, vichwa vimeelekea ukutani, na upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, unavuja damu. Halafu ananiuliza dawa ya kudonoana. Suluhisho halipo dukani.

Kuku wana vyeo. Kila mmoja anajua anampisha nani penye chakula. Mgeni hana cheo, kwa hiyo wote wanampima, na hupigwa kichwani na kwenye upanga. Kunyonyoana manyoya ni jambo jingine: hufanyika taratibu, mgongoni na juu ya mkia, na anayenyonyoa hana hasira, mara nyingi amekosa cha kuchakura. Ila damu ikishatoka, hata kuku mpole hudonoa, na wakishaizoea hawaachi upesi.

Sasa tufuate vipimo. Wageni wakae peke yao wiki 3, mbali na wenyeji, wawe na vyombo vyao, na uwahudumie mwisho. Wiki 3, si siku 3! Kuku anaweza kuonekana mzima kumbe ana kideri, ugonjwa wa kuambukiza unaoua kuku. Baada ya hapo watenganishe na wenyeji kwa wavu siku 10, waonane bila kufikiana; matundu yasipitishe kichwa. Kuku mmoja peke yake usimwingize kamwe, atabeba kipigo chote; waingize angalau wawili. Mitetea ya chini ya wiki 16 isubiri ikue.

Siku ya kuwachanganya, wapandishe kichanjani saa 2 usiku, gizani, pamoja na wenzao. Saa 12 asubuhi uwe umesimama pale bandani. Si saa 2 baada ya chai, maana ugomvi huanza kunapopambazuka. Kilishio kiwe sm 15 kwa kila kuku na kichanja sm 20. Pima kwa rula, jamani. Macho yanadanganya, na kila banda nililolikagua lilikuwa pungufu. Weka vilishio sehemu mbili, mita 2 kati yake, ili aliyefukuzwa huku akale kule. Ning'iniza fungu la mchicha usawa wa vichwa vyao wapate kazi ya kudonoa.

Wakilala kichanja kimoja bila vurugu, umefaulu.

Akitokea mkorofi mmoja, mtoe yeye siku 4. Akirudi, mara nyingi cheo chake kimeshuka. Kiwembe cha kukata midomo kiweke mbali, ni kumtesa kuku bure. Mwenye jeraha mtoe dakika hiyo hiyo, umwoshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, akae pembeni hadi ngozi ifunge. Hapa ndipo wengi mnarudia kosa lile lile: amekaa nje wiki 2, mnamrudisha mchana kweupe kana kwamba bado ni mwenyeji. Wenzake wameshamsahau. Naye apitie kwenye wavu kwanza.