Namna ya Kudai Bima ya Halmashauri Baada ya Maafa Pale Mdaiwa Anapotumia Kinga ya Kushtakiwa

Kimbunga kikishapita, maofisa wa halmashauri na mkadiriaji hasara huanza kubishana mara moja kama jengo limebomolewa na upepo au na maji. Swali hilo ni zito, lakini si la kwanza. La kwanza ni kujua aliyekukatia bima ni nani, kwa hiyo anza na ukurasa wa mwanzo wa hati yako. Ukikuta jina la kampuni ya biashara, mgogoro utafuata sheria za kawaida za mikataba na bima. Ukikuta mfuko wa pamoja, yaani miji, kaunti na wilaya za shule zilizochangishana ili zilipane hasara, ujue kwamba mfuko huo unaweza kuhesabiwa kuwa chombo cha serikali, na kwamba unaweza kutumia dhidi yako kinga ileile ya kutoshtakiwa ambayo wewe, kama halmashauri, huitumia mwananchi anapokushtaki.

Hilo lilitokea Texas, nchini Marekani. Wilaya ya shule ya Ben Bolt-Palito Blanco ilidai fidia ya uharibifu wa ukungu kutoka kwa mfuko wa aina hiyo, mfuko ukakataa kulipa, na wilaya ilipokwenda mahakamani mfuko ukajibu kwamba haushtakiki. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Texas ilikubali kwamba mfuko ni chombo cha serikali chenye kinga, lakini ikaamua kwamba kinga hiyo ilikuwa imeondolewa na sheria iliyotungwa mwaka 2005, ambayo ni kifungu cha 271.152 cha Sheria ya Serikali za Mitaa.

Ili uelewe uamuzi huo, tenganisha kinga mbili ambazo hata mawakili wazoefu wakati mwingine huzichanganya. Ipo kinga ya kuwajibika, yaani kutolazimika kulipa, ambayo kwa sheria ya Texas chombo cha serikali huipoteza kinapotia saini mkataba. Na ipo kinga ya kushtakiwa, yaani kutofikishwa mahakamani, ambayo hubaki palepale hadi bunge liiondoe kwa maneno yaliyo wazi. Kwa hiyo mfuko unaweza kuwa unadaiwa kihalali kabisa na bado mahakama isiwe na mamlaka ya kusikiliza shauri. Wakili wako atafute kwanza sheria inayoondoa kinga ya pili, kisha athibitishe kwamba mkataba wenu unaingia ndani yake: kwa kifungu cha Texas, uwe wa maandishi, utaje masharti ya msingi, uhusu bidhaa au huduma kwa chombo cha serikali ya mtaa, na uwe umesainiwa kihalali. Mlango huo, hata ukifunguka, ni mwembamba. Kifungu cha 271.153 kinabana fidia kwenye kiasi kinachodaiwa chini ya mkataba, na hasara nyingi za matokeo, kama mapato yaliyopotea jengo likiwa limefungwa, hazimo.

Taratibu za mgogoro zilizomo ndani ya mkataba, kama vile notisi na usuluhishi, zifuate neno kwa neno, kwa sababu kifungu cha 271.154 kinazipa nguvu ya kisheria. Ikiwa pia una hati ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko wa Marekani, kawaida yake ni kudai taarifa ya hasara iliyoapiwa ndani ya siku 60, na kesi ifunguliwe katika mahakama ya shirikisho ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya kukataliwa.

Ndipo urudi kwenye upepo na maji. Piga picha ya paa kabla ya kufunika turubai, pima alama ya maji ukutani ukiwa umeshika futi, na usitupe mabati yaliyong'oka. Hati nyingi zina kifungu kinachonyima malipo yote iwapo mafuriko yamechangia hasara, hata kama upepo ulitangulia. Binafsi naona hicho ndicho kifungu cha kusomwa kwa sauti mbele ya baraza zima kabla ya msimu wa vimbunga.

Upande wa pili, bima ya dhima, yaani ile inayolipa watu wanaokudai fidia, nayo inaweza kuigusa kinga yako mwenyewe. Huko North Carolina, jimbo jingine la Marekani, mji ukinunua bima hiyo huweza kupoteza kinga kwa kiasi cha bima ile, isipokuwa hati iwe na maneno yanayoihifadhi. Yatafute maneno hayo kabla ya kulipia.

Mwisho, msikubali malipo ya jumla bila mchanganuo. Shirika la shirikisho la maafa la Marekani, FEMA, hupunguza msaada wake kwa kiasi cha bima iliyolipwa, na mkataba wa maafikiano usipotaja kila jengo limelipwa kiasi gani na kwa hasara ipi, FEMA itagawanya fedha hizo kwa hesabu yake yenyewe.