Kuiandaa hojaji ya wasiwasi kwa watu wa Lamu

Mmoja aitafsiri hojaji ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mwingine, asiyeiona hojaji ya awali, airudishe kwa Kiingereza, kisha linganisheni. Wasomeeni watu kama kumi wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, kila mmoja aeleze alivyoelewa. Mzee anayeita macho "mato" hakawii kuwaonyesha ni neno gani la vitabuni lisilomfikia.

Majibu ni ya ngazi 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), mtindo wa mwanasaikolojia Likert (1932). Kwa asiyesoma, panga vikombe vitano vya kahawa, kitupu hadi kilichojaa pomoni. Anyooshe kidole tu.

Epuka kukanusha. Ukiuliza "Sina wasiwasi", yupo atakayejibu "nakubali" akimaanisha anao. Afadhali "Moyo wangu umetulia". Hicho ni kipengele (swali la hojaji) cha kinyume, anayekikubali hana wasiwasi, kwa hiyo kigeuze kabla ya kujumlisha: 6 toa jibu, 5 iwe 1, 2 iwe 4. Ukisahau, alfa, kipimo cha jinsi vipengele vinavyoafikiana (1 ndiyo kilele), huporomoka, hata chini ya sifuri.

Alfa ya Cronbach (1951) haihitaji programu ghali. Tuseme vipengele ni 10, variansi zao (vipimo vya mtawanyiko wa majibu) zikijumlishwa ni 9, na variansi ya alama za jumla ni 30. Gawanya 9 kwa 30 upate 0.3, toa katika 1, ibaki 0.7, zidisha kwa 10/9: 0.78. Kwa kulinganisha makundi yafaa. Kumwamulia mgonjwa mmoja, bado. Ikifika 0.97 usishangilie: pengine umeuliza swali lile lile mara kumi.