Kabla hujasuuza bomba la dawa kijitoni, fahamu viroboto wa maji

Mkulima wa nyanya kwenye vinyungu (bustani za mabondeni) vya Iringa, au wa viazi mabondeni Mbeya na Njombe, hupuliza dawa hatua chache tu kutoka majini. Chota maji ya dimbwi lililotulia kwa chupa angavu, uinue juani. Ukiona vidudu vinavyorukaruka, vingi visivyofika milimita 5, hao huenda ni viroboto wa maji, jamaa wa kamba. Wanakula mwani, na vifaranga vya samaki huwala wao. Wakifa wote kwa dawa iliyoingia majini, bwawa lako huweza kugeuka kijani na samaki hukosa chakula.

Lakini hawafi sawasawa. Ubelgiji, watafiti waliwapima kwa karbarili, dawa ya kuua wadudu, wakakuta waliotoka kwenye mabwawa yaliyozungukwa na kilimo kikubwa wanaistahimili zaidi. Si kwamba kiroboto mmoja mmoja ameizoea sumu. Wanyonge walikufa, wenye maumbile ya kuihimili wakabaki, na kwa kuwa jike huzaa bila dume, uzao wa hao wachache ulijaza bwawa upesi. Ustahimilivu huo una gharama: baadhi ya wale ambao koo zao zilipitia karbarili walionekana kushambuliwa kirahisi zaidi na bakteria wa magonjwa.

Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya zako, naye hujenga usugu hivyo hivyo: wanyonge hufa, wastahimilivu hubaki. Ndiyo maana kubadili jina la dawa dukani hakusaidii kama kiambata, yaani kemikali inayoua mdudu, ni kile kile. Soma kibandiko, tafuta namba ya kundi, inayoonyesha jinsi dawa inavyoua mdudu, kama 1A, 3A au 28. Ukipuliza kundi moja kwa kizazi kimoja cha wadudu, kinachofuata kipulizie kundi jingine, na usipulize kabla hujakagua shamba.

Bomba lisioshwe mtoni, tafadhali sana. Lisuuze mara 3 shambani, na maji hayo uyapulizie zao lile lile. Changanya dawa mbali na maji. Acha ukanda wa nyasi ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, na kwa kinyungu kilichomo ndani ya mita hizo, mwone afisa ugani kabla ya msimu.

Wengi huniambia dawa ya pareto ya Mafinga haina madhara kwa kuwa hutoka kwenye ua. Juani huvunjika haraka, kweli, lakini ikiingia majini huua samaki na viroboto wa maji vilevile.