Jinsi ya kujua kama ni house, techno, jungle, amapiano au singeli kwa kutumia mguu na saa ya simu

Watu wengi wakisikia biti haina maneno wanasema tu "hiyo techno", na mi inaniuma kwa kweli, maana kila moja ya hizi ngoma ina kwao na ina wenyewe. Kuzitofautisha wala sio kazi, tafuta spika yenye besi, ile ya simu inakula dundo lote la chini utahangaika bure.

Anza na dundo, ile ngoma nzito ya chini (kick). Washa ngoma, acha mwanzo upite, pale DJ kaachiwa tu nafasi ya kuchanganyia, halafu gonga mguu uhesabu madundo ndani ya sekunde 15, zidisha kwa nne. Ukipata 30 au 31 hapo ni kama 120 mpaka 124 kwa dakika, na kama linadunda du du du du bila kuruka basi yawezekana uko kwenye house. Hii ni ya Chicago, jina limetoka kwenye klabu ya Warehouse alikokuwa anapiga DJ Frankie Knuckles kuanzia 1977, na kwa kuwa mama yake ni disko bado utasikia kinanda na mtu anaimba kama yuko kanisani.

Techno ni Detroit, walioianzisha ni kina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Dundo lile lile, ila jaribu kuiimba ukiwa bafuni: house utapata melodi, techno utajikuta unatoa midundo tu kwa mdomo.

Ukisikia kitu kinakwaruza na kujinyonga-nyonga juu ya dundo, hiyo acid house. Ni mashine ya Roland TB-303, ilitengenezwa kuigiza gitaa la besi, haikuuzika, vijana wa Chicago wakaichukua mtumba wakazungusha vitufe mpaka ikalia vile.

Dundo likiwa linaruka-ruka, ngoma zimekatwakatwa, spidi 160 kwenda juu lakini besi inatembea taratibu, ni jungle ya Uingereza, na midundo mingi ya jungle imekatwa kwenye sekunde chache za rekodi moja ya bendi ya The Winstons ya 1969, inanishangaza mpaka leo. Amapiano ya Afrika Kusini iko kama 112, hapo usitafute dundo maana mara nyingi halipo, subiri log drum, lile besi linalogonga kama gogo tupu.

Sasa singeli yetu ya Dar es Salaam, Tandale, Manzese, Mburahati huko. Hii inavuka 200 na mguu hautaiweza, kaa chini, gonga mapaja kwa mikono miwili kwa zamu. Mara ya kwanza nilitumia mkono mmoja nikapata 26, yaani 104, nikabisha kabisa kwamba ni amapiano, kumbe nilikuwa naruka dundo moja moja, ilikuwa 208. Kwa hiyo namba ikikataa kuingia akilini zidisha mara mbili uone. Ukishaipata spidi, sikiliza kile kinanda kinachozunguka juu kama nyuki, mara nyingi ni kipande cha taarab kimekimbizwa, au ni ile sauti nyembamba ya Casio ndogo iliyotoka kwenye mchiriku, ule muziki wa mtaani wa Dar. Jaribu kukipunguza spidi kwenye programu ya simu mpaka nusu, utasikia harusi ya mtaani kabisa imo humo ndani.